Plastiki iliyochanganywa na mpira kwa vifaa tiba: maswali tunayoulizwa sana Arusha na Moshi

Maswali haya yametoka kwa wauguzi, mafundi wa vifaa tiba, wanafunzi, wazazi na wafanyabiashara. Mengine niliulizwa darasani, mengine kwenye korido za wodi, na moja nililipata ndani ya Coaster kati ya Usa River na Boma Ng'ombe, kutoka kwa mama aliyekuwa anatoka kumuuguza mjukuu wake. Mimi ni fundi niliyeshika mirija ya vifaa tiba kwa mikono yangu kwa miaka mingi. Panapokuwa na maoni yangu nitasema ni yangu.

Hivi kuchanganya plastiki na mpira maana yake nini hasa?

Tuanze na viatu. Katambuga unazoziona soko la Kilombero pale Arusha hukatwa kutoka tairi kuukuu. Fundi anazikata kwa kisu na kuzipigilia misumari kwa sababu hana njia nyingine. Mpira wa tairi ukishapikwa na salfa, minyororo ya molekuli zake hufungamana na haiyeyuki tena; ukizidisha moto unaungua tu. Ndoo ya plastiki ni kinyume chake. Plastiki yake inayeyuka, inasukumwa kwenye umbo, inaganda, na ikivunjika unaweza kuiyeyusha upya. Lakini hakuna aliyewahi kuvuta ndoo ikarudi kama ilivyokuwa.

Mchanganyiko tunaouzungumzia unatafuta sifa zote mbili mahali pamoja: uvutike na kurudi kama mpira, halafu uyeyuke na kupita mashineni kama plastiki. Familia hiyo kwa jumla huitwa elastoma za kuyeyuka, kwa kifupi TPE.

Wengi hudhani vikishachanganywa vinakuwa kitu kimoja, kama ndizi na nyama zinavyopotelea kwenye mtori. Mara nyingi sivyo. Polima, yaani vitu vya minyororo mirefu ya molekuli kama plastiki na mpira, nyingi hazipatani hata ukizikoroga kwa nguvu zote. Kinachotokea ni makande: hindi linabaki hindi, haragwe linabaki haragwe. Ubora wa sufuria nzima unategemea kipi ni kingi, punje zina ukubwa gani, na zimeshikana vipi. Plastiki ikiwa ndiyo iliyotanda kote na mpira ukawa vitone ndani yake, unapata plastiki ngumu isiyopasuka kirahisi. Mpira ukizidi na kutanda pia, unapata kitu laini cha kutengenezea mrija. Kwa hiyo mtu akikuambia "hii ni polipropilini na mpira", bado hajakuambia lolote kuhusu jinsi kifaa kitakavyofanya kazi.

Kwani plastiki ya PVC ina kosa gani? Dripu zimetumia PVC miaka yote.

PVC imeokoa maisha ya watu wengi na sitaki kuitukana. Kabla ya mifuko ya plastiki kuanza kutumika miaka ya 1950, damu ilitunzwa kwenye chupa za kioo, zenye uzito, zinazovunjika, na zinazoruhusu hewa kuingia kwenye mshipa wa mgonjwa. PVC ni rahisi, ni angavu, inaunganishwa kwa urahisi, na ukiibana kwa klempu inarudi.

Shida ni kwamba PVC yenyewe ni ngumu kama bomba la maji. Ili iwe laini ya kutosha kwa dripu huongezewa kilainishi, na kilichotumika zaidi kwa miongo mingi ni DEHP. Kwenye mifuko laini kilainishi hicho hufika asilimia 30 hadi 40 ya uzito wote. Sasa shika jambo hili moja: DEHP haijafungwa na PVC kwa kifungo cha kikemia. Imejipenyeza tu katikati ya minyororo, na ikipata kimiminika inachokipenda, inahama. Inachokipenda ni mafuta. Maji ya chumvi huitoa kidogo sana. Damu, lishe ya mafuta inayopitishwa mshipani, na baadhi ya dawa za saratani kama paklitakseli, ambayo huyeyushwa kwa kiyeyushi chenye asili ya mafuta, huichukua kwa wingi zaidi.

Watu wa Arusha wanaufahamu uhamaji huu hata kama hawajui kwamba wanaufahamu. Kiwanda cha A to Z pale Arusha kimetengeneza vyandarua vya Olyset, ambavyo dawa ya permethrini huchanganywa ndani ya uzi wa poliethilini wenyewe. Ukifua, dawa ya juu inaondoka, kisha ya ndani inatambaa polepole hadi usoni na chandarua kinaua mbu tena. Pale uhamaji ndio ujuzi wenyewe. Kwenye mrija unaoingia kwa mtoto njiti, uhamaji uleule ndio tunaoukimbia.

Liko na la pili, ambalo husahaulika. PVC laini hunyonya baadhi ya dawa. Nitroglisarini, diazepamu na insulini hupungua zikipita kwenye mrija wake, kwa hiyo mgonjwa anapata pungufu ya alichoandikiwa na daktari. La tatu ni taka, nitalijibu huko chini.

Mjukuu wangu amelazwa na amewekewa dripu ya PVC. Niikatae?

Hapana, mama. Usiikatae. Hili ndilo swali la kwenye Coaster, na ninalijibu hapa kama nilivyomjibu yule bibi.

Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu DEHP, ikiwataja hasa watoto wachanga wa kiume, kwa sababu majaribio kwa wanyama yalionyesha kwamba inaathiri ukuaji wa korodani. Tahadhari hiyohiyo ilisema kwamba kumnyima mtoto tiba anayoihitaji ni hatari kubwa kuliko kilainishi. Upungufu wa maji unaua mtoto kwa saa chache. Wa kubadili mrija ni sisi tunaoagiza na kutengeneza, si bibi aliyekaa kando ya kitanda usiku. Anayehitaji kuangaliwa kwanza ni mtoto njiti anayekaa wiki nyingi kwenye uangalizi, akiwa na mirija mitatu minne kwa wakati mmoja, na akila mafuta kwa njia ya mshipa. Mwili wake ni mdogo, mirija ni mingi, siku ni nyingi.

Kama ni hivyo, mbona mifuko ya damu bado ni PVC yenye DEHP?

Kwa sababu DEHP, ikiingia kwenye ngozi ya chembe nyekundu za damu, inaifanya isipasuke upesi. Ni jambo lililogunduliwa bila kutafutwa. Damu iliyohifadhiwa kwenye mfuko usio na DEHP hupasuka chembe zake zaidi kadiri siku zinavyokwenda, na damu yenye maji ya kuhifadhia inatakiwa ikae hadi siku 42 kwenye jokofu. Vilainishi vingine vipo, na maji mapya ya kuhifadhia yapo, lakini kila mchanganyiko lazima uthibitishwe upya. Umoja wa Ulaya wenyewe umesogeza muda wa mwisho wa DEHP kwenye vifaa tiba hadi mwaka 2030.

Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, ni habari tofauti kabisa. Zenyewe hukaa kwenye nyuzi 20 hadi 24, zinatikiswa, na zinahitaji kupumua. Mfuko wake lazima upitishe oksijeni, na hapo mifuko ya poliolefini na ile ya PVC yenye vilainishi vingine imeshika nafasi siku nyingi. Damu ileile ya mtu mmoja, ikitenganishwa, inadai mifuko ya aina mbili.

SEBS ni nini, na inashikamanaje bila salfa?

Hii ndiyo polima ninayoipenda kuliko zote. Mnyororo mmoja wa SEBS una sehemu tatu: ncha mbili za polistirini, ambayo ni ngumu, na katikati kipande kirefu laini cha mpira. Ncha ngumu hazipendi ule mpira, kwa hiyo zinakimbiliana na kujikusanya katika vifundo vidogo sana. Kila kifundo kinashika ncha za minyororo mingi, na kipande cha mpira kinaning'inia kati ya kifundo na kifundo kama kamba ya kuanikia nguo kati ya nguzo. Ukivuta, kamba inanyooka. Ukiachia, nguzo zinairudisha. Ukipasha moto wa kutosha vifundo vinalegea na kila kitu kinatiririka. Kikipoa, nguzo zinasimama tena.

Peke yake SEBS ni nzito kupita mashineni. Kwa hiyo huchanganywa na polipropilini, na mara nyingi mafuta meupe ya madini yaliyosafishwa sana. Mafuta hulainisha sehemu ya mpira, polipropilini huipa uimara na uwezo wa kuvumilia joto. Kwa kucheza na viwango hivyo vitatu unapata kitu laini kama sikio au kigumu kama soli.

Niseme ukweli hapa, maana wauzaji huuruka. Mafuta nayo yanaweza kuhama. SEBS huyashika vizuri kuliko PVC inavyoshika DEHP, lakini mchanganyiko uliojazwa mafuta kupita kiasi hutoka jasho, unateleza mkononi, na hudhoofisha plastiki nyingine inayougusa. "Haina DEHP" haina maana ya "haitoi chochote".

Nimesikia kuna mchanganyiko ambao mpira wake unapikwa humohumo ndani ya mashine. Ni kweli?

Ni kweli. Hataza ya kwanza ya wazo hilo ni ya mwaka 1962, na bidhaa iliyolipa jina, Santoprene, ililetwa sokoni na Monsanto mwaka 1981. Unayeyusha polipropilini pamoja na mpira uitwao EPDM, unakoroga kwa nguvu sana, na wakati unakoroga unatia kemikali ya kuupika mpira. Mpira unafungamana ukiwa unasagwa, kwa hiyo hauwezi kuwa bonge moja. Unabaki vitone vya kama mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) moja au mbili, vilivyopikwa tayari, ndani ya plastiki ambayo bado inayeyuka.

Faida yake kubwa ni kurudi. Kizibo au pete iliyobanwa kwa muda mrefu hurudi vizuri kuliko mchanganyiko wa kawaida. Ndiyo maana vichwa vya pistoni ndani ya mabomba ya sindano vinaweza kutengenezwa hivyo. Kwa mrija wa kuona dawa inavyopita siupendekezi, maana mchanganyiko huu si angavu. Na kemikali za kupikia lazima zichaguliwe kwa makini, kwa sababu mabaki yake yanaweza kufika kwa mgonjwa.

Mrija wa mchanganyiko unawezaje kuwa angavu ilhali ndani kuna vitu viwili?

Mwanga hutawanyika pale unapokutana na mpaka kati ya vitu viwili vinavyoupinda tofauti. Maziwa ni meupe kwa sababu hiyo. Vitone vikiwa vidogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga, au plastiki na mpira vikiupinda mwanga karibu sawa, macho hayaoni mpaka. SEBS na polipropilini zinakaribiana sana kwa hilo. Muuguzi anayetafuta kiputo cha hewa kwenye mrija saa nane za usiku hana haja ya kuijua fizikia hii, lakini inamfanyia kazi.

Naweza kuuweka mrija huo kwenye autoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke?

Inategemea ni mchanganyiko gani, na inategemea pia uko Moshi au Dar es Salaam. Nitafafanua yote mawili kwa sababu hapa ndipo nimeona hasara nyingi.

Kwanza mchanganyiko. Vile vifundo vya polistirini ndani ya SEBS huanza kulegea karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Mvuke wa kuua vijidudu ni nyuzi 121, au 134 kwa mzunguko mfupi. Kwa hiyo mrija wa SEBS yenye polipropilini kidogo, ukiwekwa humo, nguzo zake zinalegea zote. Unautoa umelala bapa, kuta zimegandana. Kinachouokoa ni polipropilini, ambayo huyeyuka kuanzia kama nyuzi 160. Ikiwa nyingi kiasi cha kutanda mwili mzima, inashikilia umbo wakati vifundo vimelegea. Mrija wenye poliethilini badala ya polipropilini hauna bahati hiyo, kwa kuwa poliethilini ya kawaida huyeyuka kati ya nyuzi 105 na 135.

Nilishawahi kuitwa kwenye zahanati moja, sitaitaja, ambako boksi zima la mirija ya kunyonyea makohozi lilikuwa limegeuka kama tambi zilizopikwa kupita kiasi. Muuzaji alikuwa amesema "inavumilia joto". Alikuwa sahihi, inavumilia maji ya moto.

Pili, mwinuko. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Moshi iko chini kidogo, huchemka karibu na 97. Autoklevu ndogo nyingi zina geji inayopima shinikizo juu ya lile la hewa ya nje, na kijitabu chake kinasema peleka hadi 15, yaani paundi 15 kwa inchi ya mraba. Pwani, 15 inakupa nyuzi 121. Arusha, ambako hewa ya nje ni nyepesi, 15 ileile inakupa pungufu ya nyuzi mbili hivi, na unahitaji karibu 17 ufike 121. Fundi asiyejua hili huona vijidudu havifi, anaongeza muda mara mbili, na muda ule wa ziada ndio unaoharibu mirija. Angalieni kipimajoto na tepu ya kiashiria, msiamini geji peke yake.

Na mionzi? Na gesi?

Vifaa vingi vya kutumia mara moja husafishwa kiwandani kwa mionzi ya gama, kwa kawaida kipimo cha kiligrei 25. Mionzi hukata minyororo ya polipropilini. Bomba la sindano lililochaguliwa vibaya hutoka kiwandani zuri, kisha miezi inavyopita linakuwa la njano na linapasuka ukilibonyeza. Kuongeza elastoma husaidia, kwa sababu vitone vya mpira huzuia ufa usisafiri. SEBS inastahimili mionzi vizuri kuliko ndugu yake SBS, ambaye mpira wake una vifungo pacha vinavyoshambuliwa kirahisi.

Gesi ya oksidi ya ethilini haidhuru mchanganyiko, ila inaingia ndani ya mpira na kukaa. Lazima kifaa kipumzishwe hadi gesi itoke, kwa sababu ni sumu.

Tumenunua mirija isiyo na PVC na viungo vinachomoka. Gundi ileile tuliyoizoea haishiki.

Haiwezi kushika. Mafundi wamezoea kuchovya mrija wa PVC kwenye kiyeyushi kama sikloheksanoni na kuusukuma ndani ya kiungio. Kiyeyushi kinalainisha PVC na kiungio, minyororo inaingiliana, kikikauka vimekuwa kimoja. Polipropilini haiyeyuki kwa viyeyushi hivyo, na uso wake hautaki kushikwa na kitu. Suluhisho ni kiungio chenye meno ya kubana, kuunganisha kwa joto, au mrija wa matabaka mawili ambao tabaka moja limetengenezwa kwa kazi ya kushika. Gharama hii iko nje ya bei ya mrija, na ndiyo inayowashangaza wengi. Mnunuzi hubadili mrija asibadili kiungio, kisha anailaumu polima.

Mrija ukikunjwa unajifunga, na ukibanwa kwa klempu haurudi haraka.

Ni udhaifu wa kweli wa michanganyiko mingi ya polipropilini na SEBS. Klempu ya gurudumu imebuniwa kwa tabia ya PVC. Mrija mwingine ukibanwa pale pale kwa saa kadhaa huendelea kutambaa taratibu, na matone uliyoyahesabu saa mbili si yale yanayodondoka saa nne. Sogezeni klempu mahali papya kila mnapoanza dripu nyingine, na hesabuni matone tena baada ya muda mfupi. Kwa pampu za kusukuma kwa magurudumu, tumieni mrija ambao mtengenezaji wa pampu ameutaja. Hapo sina jibu la mkato, na yeyote atakayekupa la mkato msimwamini.

Silikoni si ingemaliza yote haya?

Silikoni ni nzuri sana, inavumilia mvuke mara nyingi na mwili unaikubali. Lakini ni ghali, huchanika kirahisi ikiishapata mkwaruzo, hupitisha gesi nyingi, na ikishapikwa haiyeyuki tena. Ni katambuga ya kifalme. Itumieni kwa mpira wa mkojo unaokaa muda mrefu. Kuitumia kwa dripu ya saa sita ni kupoteza fedha.

Poliyurethani ya kuyeyuka inastahili sifa kwenye kanula na katheta za mshipani: inaingia ikiwa imara na ikipata joto la mwili inalainika. Ila inanyonya unyevu kutoka hewani, na punje zisipokaushwa kabla ya kuyeyushwa, mrija unatoka na viputo.

Kwa nini tusitumie mpira wetu wa asili? Muheza kuna mashamba.

Kihuhwi kule Muheza kuna mashamba ya mpira kweli, na ningefurahi kuona utomvu wake ukifika mbali. Mpira wa asili unavutika kuliko karibu kila kitu nilichokitaja. Una mambo mawili ya kushughulikiwa. Protini zake huwaletea baadhi ya watu mzio, na wauguzi wanaovaa glovu kila siku ndio huathirika zaidi. Kuna mgonjwa anayeweza kupoteza pumzi mezani kwa sababu ya glovu. Pili, unahitaji kupikwa, kwa hiyo unarudi kwenye kutoyeyuka. Unaweza kuchanganywa na polipropilini na kupikwa humohumo mashineni kama EPDM, na watafiti wa Malaysia wameufanyia kazi mchanganyiko huo kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu, mahali pa kuanzia ni magurudumu ya vitanda, vishikio na vifuniko vya magongo, vitu visivyoingia mwilini.

Moshi tunatengeneza miguu bandia. Haya yanatuhusu?

Yanawahusu sana. Wanafunzi wa TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale hospitali ya KCMC, wanajua soketi ya polipropilini: unapasha bamba, unalivuta juu ya umbo la plasta, linaganda na umbo la kigutu cha mtu huyo mmoja. Polipropilini tupu ni imara lakini ukingo wake unakwaruza, na kwenye baridi hupoteza uvumilivu wa kugongwa. Ikichanganywa na elastoma kidogo inakuwa ngumu kupasuka na ukingo unalegea kidogo pale unapogusa paja. Bitana la povu la EVA, ambalo ni familia ileile ya ndala za povu, linapokea msuguano. Msichanganye elastoma nyingi kwa kutafuta raha, soketi ikilegea mguu unacheza ndani na jeraha linaanza.

Naweza kutumia plastiki iliyorejelezwa?

Kwa kifaa kinachogusa damu, jeraha au dawa, hapana. Hujui ilibeba nini. Kwa ndoo ya taka hatarishi, sawa.

Muuzaji wa punje anasema ni za daraja la chakula. Zinatosha?

Hazitoshi. Chakula kinapita tumboni, na tumbo lina ulinzi. Mshipa hauna. Kifaa tiba hupimwa kwa mfululizo wa viwango vya kimataifa vya ISO 10993: je, kinaua seli, kinaleta mzio, kinawasha, na kwa kinachogusa damu, kinapasua chembe? Kipimo hufanywa kwenye kifaa kilichomalizika, kikiwa kimeshasafishwa kwa njia ileile itakayotumika, kwa sababu mashine na mionzi vinaweza kuzalisha kitu ambacho punje haikuwa nacho. Kwa sheria zetu, kifaa lazima kipite TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ambayo hadi mwaka 2019 tuliijua kama TFDA, na ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko hapahapa Arusha. Nendeni mapema, kabla ya kununua mashine. Nimeona vijana wenye bidii wakifanya kinyume chake na ikaniuma.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 inagusa vifaa hivi?

Haigusi. Vifungashio vya huduma za afya viliachwa nje ya katazo.

Taka zake tunazifanyaje?

PVC tupu ina klorini zaidi ya nusu ya uzito wake, kama asilimia 57. Ikichomwa hutoa asidi ya hidrokloriki, na moto ukiwa hafifu hutengeneza dioksini, sumu zinazokaa kwenye udongo, nyasi, maziwa, na miili yetu. Kichomea taka cha matofali nyuma ya kituo cha afya mara nyingi hakifiki nyuzi 850 kwa utulivu, na moshi wake unaelekea kwenye migomba ya jirani. Polipropilini na SEBS ni kaboni na hidrojeni tu. Zikiungua vizuri zinatoa kaboni dioksidi na maji. Zikiungua vibaya zinatoa masizi. Hiyo pekee ingetosha kunishawishi kubadili mirija kwenye vituo vya vijijini, hata kama lile la DEHP lisingekuwepo. Kutenganisha PVC na taka nyingine kabla ya kuchoma ni kazi inayoweza kuanza kesho asubuhi bila fedha ya mfadhili.

Nitajuaje mrija nilionao umetengenezwa kwa nini?

Kata kipande cha sentimita moja, kipasue kwa urefu kisibaki na hewa, kitie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. PVC inazama. Polipropilini na SEBS zinaelea, na EVA pia. Silikoni na poliyurethani zinazama kama PVC, kwa hiyo kuzama si ushahidi kamili, lakini kuelea kunakuhakikishia kwamba si PVC. Tazama pia alama kwenye pakiti: herufi PHT na neno DEHP chini yake ni taarifa kwamba kilainishi hicho kimo. Msichome kipande wodini ili kunusa.

Mimi ni muuguzi msimamizi na ninaandika oda ya robo mwaka. Niandike nini?

Usiandike "mirija isiyo na PVC" peke yake, utaletewa chochote. Andika kitapita nini: maji ya chumvi, damu, mafuta, au dawa gani. Andika ni kwa nani, na kama ni wodi ya watoto njiti lianze hilo. Andika kitasafishwaje na mara ngapi, na mko mwinuko gani, kwa Arusha ni kama mita 1,400. Andika kiungio mlichonacho. Omba cheti cha usajili wa TMDA na taarifa ya vipimo vya ISO 10993 vya kifaa chenyewe, si vya punje. Kama bajeti haitoshi kubadili kila kitu, anza na mirija ya lishe na ya mafuta ya mshipani kwa watoto njiti, kisha seti za dawa za saratani, na dripu ya maji ya chumvi ya mtu mzima iwe ya mwisho. Halafu omba vipande vitano vya sampuli. Viwili vibane kwa klempu usiku kucha, vitatu viweke kwenye autoklevu yenu wenyewe, na uvione asubuhi kabla ya kulipia boksi.